Siri na Uongo katika Hadithi za Wasichana Wapelelezi

Lugha ya Kiswahili ina majina mengi ya mtu aendaye kwa kificho kutafuta habari za wenziwe. Jasusi limetoka katika Kiarabu, nalo aghalabu hutajwa pamoja na vita na uadui wa dola. Mpelelezi ni jina pana zaidi: humfaa askari afuataye nyayo za mwizi, humfaa vile vile mjumbe wa serikali aingiaye nchi ya adui. Mdoya ni jina la zamani la mtu atumwaye kuchungulia hali ya mahali kabla ya wenziwe kufika. Mdukizi ni yule ategaye sikio penye mazungumzo yasiyomhusu. Katika maongezi ya mijini Tanzania hutumika shushushu, na alitamkaye neno hilo mara nyingi hupunguza sauti. Majina haya hayalingani kwa maana, lakini yote, ila pengine mpelelezi, yana harufu ya lawama. Mzazi wa pwani hamsifu binti yake kwa kumwita mdukizi.

Kwa hiyo ni jambo la kuangaliwa kwamba huko Marekani, tangu mwaka 2006 hata 2013, zilipigwa chapa riwaya sita za vijana ambazo mashujaa wake ni wasichana wanaokaa shule ya bweni kwa makusudi ya kufundishwa kazi hiyo, nao huipenda na kuionea fahari. Mwandishi wake ni Ally Carter, jina la kalamu la mwanamke mzaliwa wa jimbo la Oklahoma. Mfululizo wote hujulikana kwa jina la Gallagher Girls, yaani Wasichana wa Gallagher. Shule yenyewe ni ya kubuni, nayo imewekwa katika mji mdogo uitwao Roseville, jimbo la Virginia.

Kazi hizi ni nyepesi kusomeka, zimejaa mzaha, wala hazikuandikwa kwa ajili ya wanazuoni. Hata hivyo zastahili kuelezwa kwa sababu mbili. Kwanza, zimeoanisha aina mbili za hadithi ambazo sheria zake hupingana. Pili, mgogoro wake mkubwa ni tofauti iliyopo baina ya siri na uongo, tofauti ambayo wasemaji wa Kiswahili waijua vema, maana methali zao zimeitenga. Siri ya mtungi aijuaye kata, yasema methali moja, wala haiulaumu mtungi kwa kunyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, yasema nyingine, na hapo lawama ni dhahiri. Mwenye siri amewekewa amana, mwongo ameivunja. Swali lililomo ndani ya riwaya hizi ni kama mtoto aweza kufundishwa la kwanza pasipo kufundishwa la pili.

I. Aina mbili za hadithi

Hadithi ya shule ya bweni ilikulia Uingereza. Tom Brown's School Days, kitabu cha Thomas Hughes kilichotoka mwaka 1857, kiliitia nguvu aina hii kwa upande wa wavulana. Kwa upande wa wasichana, jina kubwa la mwanzo wa karne ya ishirini ni Angela Brazil, ambaye hadithi yake ya kwanza ya shule, The Fortunes of Philippa, ilitoka 1906. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Enid Blyton aliandika vitabu sita vya shule ya Malory Towers, tangu 1946 hata 1951. Desturi za vitabu vya namna hii hazibadiliki sana. Msichana mgeni afika na sanduku lake. Apata rafiki wa moyo na apata hasimu. Avunja sheria usiku. Mwishowe akosa au asingiziwa kosa, na ukweli wajulikana. Mwalimu mkuu ni hakimu mwenye huruma, na sifa kuu ya mwanafunzi ni kukiri kosa lake mbele ya hakimu huyo. Ana ruhusa ya kumsitiri mwenziwe, kwa kuwa kuchongea ni aibu, lakini kudanganya kwa ajili ya kuponya nafsi yake ni aibu kubwa zaidi. Bweni ni mahali pa kujifunzia kusema kweli.

Hadithi ya ujasusi ina sheria nyingine. Erskine Childers aliandika The Riddle of the Sands mwaka 1903. Ian Fleming akamleta James Bond katika Casino Royale mwaka 1953. Na mwaka 1963 John le Carré, katika The Spy Who Came in from the Cold, akaonyesha kwamba wakubwa wa kazi hii huweza kumtoa sadaka mtu wao wenyewe. Wasomaji wa Kiswahili walipata shujaa wa namna hii katika Willy Gamba, aliyebuniwa na Aristablus Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974. Shujaa wa hadithi hizi husifiwa kwa jina lake la uongo, kwa vazi lisilo lake na kwa machozi yasiyotoka moyoni. Yeye akikiri, amekwisha.

Yupo mhusika mmoja wa zamani ambaye ndani yake shule na ujasusi vilikutana, naye ni Kim wa Rudyard Kipling, katika riwaya ya jina hilo ya mwaka 1901. Kijana huyu yatima wa Lahore apelekwa shule ya bweni mjini Lucknow, na wakati wa likizo afundishwa na Lurgan huko Simla kutazama vitu kwa muda mfupi na kuvikumbuka vyote. Lakini kwa Kim shule ni mahali pamoja na mafunzo ya siri ni mahali pengine. Harriet the Spy, riwaya ya Louise Fitzhugh ya 1964, ina msichana achunguzaye majirani na kuandika habari zao daftarini. Wenziwe walisoma daftari hilo, na kosa lililomponza halikuwa uongo, lilikuwa ni kuandika ukweli mwingi mno. Baadaye walikuja vijana wanaotumwa na dola: Alex Rider wa Anthony Horowitz katika Stormbreaker ya 2000, na kundi la CHERUB la Robert Muchamore katika The Recruit ya 2004. Ally Carter alipoanza, njia ilikuwa imekwisha fyekwa. Alilofanya yeye ni kuuweka ujasusi na bweni la wasichana chini ya paa moja, na kumfanya mwalimu mkuu, yule hakimu wa ukweli, awe mkufunzi wa udanganyifu.

II. Mpango wa hadithi

Shujaa, naye ndiye msimulizi, ni Cameron Morgan, aitwaye Cammie. Mama yake, Rachel, ni mwalimu mkuu wa shule na zamani alikuwa mpelelezi; baba yake, Matthew, alikwenda kazini asirudi. Rafiki zake wa chumbani ni Bex Baxter, Mwingereza na binti wa wapelelezi, na Liz Sutton, mwenye akili isiyo kifani katika sayansi na hesabu lakini miguu yake hujikwaa kila mahali. Wa tatu ni Macey McHenry, binti wa seneta, ambaye afika katika kitabu cha kwanza akiwa amefukuzwa shule nyingi nyingine.

Kitabu hicho cha kwanza, I'd Tell You I Love You, But Then I'd Have to Kill You (2006), chasimulia jinsi Cammie alivyompenda kijana wa mjini, Josh Abrams, asiyejua lolote juu ya shule ile. Katika Cross My Heart and Hope to Spy (2007) waja wavulana wa Blackthorne, shule nyingine ya siri, na miongoni mwao yumo Zach Goode. Don't Judge a Girl by Her Cover (2009) yaanza na baba wa Macey akigombea umakamu wa rais. Binti yake ashambuliwa, na mwishowe yabainika kwamba aliyekuwa akiwindwa ni Cammie. Only the Good Spy Young (2010) yamtia shakani Joe Solomon, mwalimu mpendwa, na yamalizika kwa Cammie kuondoka shuleni peke yake. Out of Sight, Out of Time (2012) yamkuta akizinduka katika nyumba ya watawa milimani, hana kumbukumbu ya miezi iliyopita. United We Spy (2013) yafunga hesabu na adui, ambaye ni jamii ya siri iitwayo Circle of Cavan, na yamfikisha Cammie mwisho wa masomo.

Kwa muhtasari huu yaonekana kwamba mfululizo unakua pamoja na msomaji wake. Kitabu cha kwanza ni mzaha wa mapenzi. Cha tano ni habari ya msichana aliyeteswa, asiyejua ni nani aliyemtesa wala alisema nini.

III. Masomo ya shule

Historia ya kubuni ya shule hii yatajwa mara nyingi, kwa kuwa ndiyo inayowapa wasichana nasaba. Mwanzilishi wake, Gillian Gallagher, alimwua Ioseph Cavan aliyetaka kumwua Rais Abraham Lincoln, kabla ya shambulio lile la kweli la mwaka 1865. Wanaume wa zama zake hawakuwa na nafasi ya kumpa katika kazi hiyo, naye akafungua shule. Kwa watu wa nje shule hujiita chuo cha wasichana wa hali ya juu, na wenyeji wa Roseville huwadhani wanafunzi kuwa ni watoto wa matajiri wenye kiburi. Dhana hiyo ndiyo ngao ya shule, nayo yalindwa kwa bidii. Hivyo somo la kwanza apewalo mwanafunzi ni kukubali kuchukiwa kwa jambo lisilo kweli, akanyamaza.

Masomo mengine yaelezwa kwa furaha. Madame Dabney afundisha adabu na namna ya kuingia katika desturi za watu wengine. Dokta Mosckowitz afundisha maandishi ya mafumbo. Bwana Smith, afundishaye habari za nchi za dunia, huchelea kutambuliwa hata kila likizo ya kiangazi hubadilishiwa uso na madaktari. Chumbani mwa kulia hutangazwa lugha itakayotumika wakati wa chakula, na asiyeijua hana budi kula kimya. Cammie mwenyewe asema lugha kumi na nne. Zoezi la kwanza la Joe Solomon si la bunduki. Wanafunzi wapelekwa usiku kwenye sherehe mjini, waamriwa kumfuata Bwana Smith pasipo kuonwa, ili wajue alikunywa nini pamoja na andazi lake. Kitu kitafutwacho ni kidogo kabisa, na werevu wa mwandishi umo hapo: kazi kubwa ya mpelelezi ni kutazama madogo.

Mafunzo ya namna hii hayakuwa ndoto tupu katika historia. Mwaka 1940 Uingereza iliunda idara ya siri ya Special Operations Executive, ili iwasaidie wapiganao na Wajerumani katika nchi zilizotekwa. Wanafunzi wake walimalizia mafunzo katika majumba ya Beaulieu, kusini mwa Uingereza, yaliyotaniwa kwa jina la shule za kumalizia wasichana adabu. Sehemu iliyoshughulikia Ufaransa ilipeleka huko wanawake 39. Mmoja wao, Noor Inayat Khan, alikuwa binti wa mwalimu wa Kisufi kutoka India, na kabla ya kazi hii alikuwa mwandishi wa hadithi za watoto. Kitabu chake cha visa vya Kijataka kilitoka London mwaka 1939. Baadhi ya wakufunzi wake walishuku kama angefaa, maana walimwona mnyofu mno. Mwaka 1943 alipelekwa Paris kuwa mpeleka habari kwa redio. Alikamatwa mwaka huo huo, akafungwa kwa minyororo, na mnamo Septemba 1944 akauawa katika kambi ya Dachau. Baada ya vita, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa amemfunga Paris alishuhudia kwamba katika mahojiano yao hakuwapa lolote.

Habari hii yafaa kuwekwa kama mizani. Mwanamke huyu alishukiwa kwa udhaifu wa kudanganya, akathibitika kwa nguvu ya kunyamaza. Wakufunzi waliomshuku walikuwa wamechanganya vipawa viwili na kuviona kimoja. Riwaya za Ally Carter zaanza na mchanganyiko huo huo, kisha, polepole, zaufumua.

IV. Siri na uongo

Kisa cha Josh ndicho cha kwanza. Cammie ana sifa ya kutoonekana. Apitapo, macho ya watu humruka, na kwa sifa hiyo amepewa jina la siri la Kinyonga. Usiku ule wa zoezi, Josh amwona. Kwa msichana mwingine hili lingekuwa jambo dogo. Kwa yule aliyefunzwa asionekane, ni tukio. Lakini hawezi kumwambia yeye ni nani. Amwambia kwamba husomeshwa nyumbani, amtungia maisha na hata paka asiyekuwapo. Rafiki zake nao wamchunguza kijana kama achunguzwavyo adui, wakipekua hata takataka za nyumba yao. Hawana ubaya moyoni. Wanatumia elimu waliyo nayo, kwani hawakufundishwa nyingine ya kumjulia mtu.

Hapo siri na uongo vyaachana. Kwamba shule yafundisha ujasusi, hiyo ni siri: si mali ya Cammie peke yake, na ikitoka watu waweza kufa. Kwamba yeye ni msichana mwingine mwenye maisha mengine, huo ni uongo: ameutunga mwenyewe, kwa raha yake, na anayedhulumiwa ni mtu aliyemwamini. Cammie atetea la pili kwa hoja ya la kwanza, kama wafanyavyo watu wazima wengi. Mwishowe Josh agundua kwamba amedanganywa, amfuata hata mahali pa mtihani, na baada ya kuona asiyostahili kuona, kumbukumbu yake yafutwa. Mwandishi alipita hapo kwa haraka, na msomaji makini ana haki ya kusita. Aliyedanganywa amenyang'anywa hata ujuzi wa kwamba alidanganywa.

Kisa cha pili ni cha mama na binti. Kila Jumapili usiku Rachel humpikia Cammie chakula kibaya, nao hula wawili faraghani. Ndiyo saa pekee ambayo mwalimu mkuu huwa mama. Saa hiyo wote wawili humkumbuka Matthew, wala hawamzungumzi. Mama amficha binti yake ayajuayo ili amlinde. Binti amficha mama maumivu yake ili asimwongezee. Kila mmoja amefanya jema, na baina yao pamezuka ukimya mzito. Hali hii si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Katika Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, Rosa alelewa kwa ukali wa baba asiyetaka hata azoeane na wavulana, na afikapo shule ya bweni hana elimu ya kumkinga. Mazingira ya riwaya hizi mbili hayafanani kabisa, na mwisho wa Rosa ni wa huzuni kubwa. Lakini zote mbili zaonyesha kwamba lile mzazi analomficha mtoto kwa kumlinda huweza kuwa ndilo lile mtoto alilohitaji kujilinda nalo. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Kisa cha tatu ni cha Joe Solomon na shule ya Blackthorne. Katika kitabu cha nne Cammie ajua kwamba mwalimu wake, aliyekuwa rafiki wa baba yake, aliwahi kuwa wa jamii ile ya adui tangu ujana, na kwamba Blackthorne ilifundisha vijana kuua. Hapa mwandishi ameweka kioo mbele ya shule ya Gallagher. Shule mbili zina kuta sawa, masomo ya siri sawa, watoto wa umri sawa. Kama tofauti yao ingekuwa katika ufundi, hakuna angeweza kuitaja. Tofauti imo katika kile ambacho mwanafunzi aambiwa kuwa anakilinda, na kama kuna mtu nyuma yake atakayemtafuta asiporudi.

Kwa hiyo kitabu cha tano ndicho moyo wa mfululizo. Cammie aliondoka peke yake ili rafiki zake wasidhurike, akiamini kwamba siri nzito yapaswa kubebwa na mtu mmoja. Arudi amekonda, ana majeraha, na kumbukumbu hana. Kilichompata Josh katika kitabu cha kwanza sasa kimempata yeye: kuna sehemu ya maisha yake ambayo wengine waijua naye haijui. Kama mwandishi alikusudia ulinganifu huu au hakuukusudia, umo katika kitabu, nao walipa kwa kiasi fulani deni lililoachwa mwaka 2006. Rafiki zake wana hasira naye kwa kuwaacha, na hasira hiyo ina haki. Ili apone hana budi kufanya jambo ambalo shule haikulifundisha darasani: kuwaambia kwamba anaogopa, kwamba haijui akili yake mwenyewe, na kwamba amechoka. Sheria ya zamani ya hadithi ya bweni, ile ya kukiri, yarudi kwa mlango wa nyuma.

V. Masimulizi na tafsiri

Hadithi yote yasimuliwa na Cammie mwenyewe, na katika kitabu cha kwanza sehemu nyingine zimewekwa kwa mtindo wa taarifa ya kazi ya upelelezi. Taarifa ya ujasusi ni maandishi makavu yasiyotaja moyo. Lakini Cammie, akiandika taarifa, humwaga humo kila alilolificha kwa watu wengine. Anayemdanganya Josh, na kumnyamazia mama yake, hamfichi msomaji kitu. Kwa njia hii msomaji amefanywa kuwa kata ya mtungi huo, na hapana shaka kwamba sehemu kubwa ya mapenzi ambayo vijana wamekuwa nayo kwa vitabu hivi yatokana na heshima ya kuaminiwa namna hiyo.

Atakayetaka kuvileta vitabu hivi katika Kiswahili atakutana na vizuizi vya maana. Cha kwanza ni majina ya vitabu, ambayo karibu yote yamechezea misemo ya Kiingereza. La pili limepindua kiapo cha watoto, ambamo neno la kufa limeachia nafasi neno la kupeleleza, kwa kuwa hayo mawili yana vina katika Kiingereza. La tatu limechukua methali ya kutopima kitabu kwa jalada, na jalada katika lugha ile ni pia jina la maisha ya uongo avaayo jasusi. Kuyatafsiri neno kwa neno ni kuyaua. Yafaa mtafsiri aanze katika hazina ya Kiswahili. Kwa la tano ipo methali iliyo karibu kabisa, asiyekuwapo na lake halipo, nayo ina uchungu unaolingana na hali ya Cammie. Kwa la tatu upo uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini methali hiyo yalaumu uzuri wa nje usio na kitu ndani, ilhali jina la Kiingereza laonya kwamba ndani mna kingi kuliko kinachoonekana. Pengine neno vazi lingefaa kuwa msingi, kwa sababu Kiswahili huweza kusema juu ya mtu kwamba amelivaa jambo.

Cha pili ni jina la Kinyonga. Kwa Kiingereza jina hilo lamsifu Cammie kwa kutoweka machoni. Kwa Kiswahili, mtu aitwaye kinyonga ni kigeugeu, asiye na msimamo. Mtafsiri aweza kulikwepa, akatafuta mnyama mwingine. Yamkini ni afadhali aliache kama lilivyo, maana lawama iliyomo katika neno la Kiswahili yasema wazi lile ambalo Cammie huliogopa kwa siri: kwamba mwenye kubadilika kila mahali huenda hana rangi yake mwenyewe.

Cha tatu ni jina la uhusiano wao. Wasichana wa Gallagher huitana kwa maana ya udugu wa kike. Ndugu ni pana mno. Dada huleta swali la mkubwa na mdogo. Shoga, ambalo Unguja na Mombasa lilikuwa jina tamu la mwanamke kwa rafiki yake wa kike, limepata maana nyingine katika matumizi ya siku hizi, wala haliwezi kuandikwa pasipo tahadhari. Somo lina utamu wake, na lina faida ya kukumbusha mafunzo ya wanawali, ambamo pia mambo hufundishwa faraghani na aliyefundishwa huchukua dhamana ya kutoyatangaza.

Kwa upande mmoja, hata hivyo, Kiswahili kina akiba isiyohitaji kukopa. Pwani ilijua zamani lugha ya mafumbo iitwayo kinyume, ambamo silabi ya mwisho ya neno huletwa mbele, hata nyumba ikawa mbanyu. Edward Steere aliweka mfano wake katika kitabu alichokitoa mwaka 1870. Mtafsiri ahitajiye lugha ya wasichana wanong'onezanao mbele ya mgeni hana haja ya kwenda mbali.

VI. Thamani ya hadithi hizi

Kasoro za mfululizo huu zaonekana bila taabu. Hauulizi sana kwa nini dola iwahitaji watoto wa miaka kumi na mitano, wala haukai vya kutosha na watu wa mjini wanaodanganywa mwaka hata mwaka. Vita vya vitabu vya mwisho vina haraka ya michezo ya sinema, na adui huwa mbaya kwa kuwa yampasa awe mbaya.

Lakini mwandishi wa hadithi za vijana hupimwa zaidi kwa lile ambalo msichana wa umri huo ataondoka nalo. Msichana yeyote wa miaka kumi na mitano, wa Virginia au wa Tanga, huwa amekwisha kuwa na mambo asiyomwambia mama yake, na aghalabu haelewi kama kwa kuyanyamazia anatunza amana au anadanganya. Vitabu vingi vya shule humwamuru aseme yote. Vitabu vya ujasusi humsifu asemapo uongo vizuri. Wasichana wa Gallagher wampa kipimo cha tatu: ajiulize siri ile ni mali ya nani, inamlinda nani, na kama yupo mtu mmoja awezaye kuichota naye. Cammie alifika kitabu cha tano ndipo akampata mtu wa kumwambia kwamba anaogopa. Mtungi usio na kata hujaa maji, na mwenye kiu hufa kando yake.